Miaka Hamsini na Minane

Alasiri ya Jumatatu, tarehe 6 Julai 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliwahutubia Wakenya akawatangazia kwamba kuanzia alfajiri ya siku ya pili yake njia za kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa na Mandera zingekuwa wazi, kwamba nyumba za ibada zilizokuwa zimefungwa tangu mwezi wa Machi kwa sababu ya korona zingepata idhini ya kukusanya waumini tena, na kwamba idhini hiyo ilikuwa na masharti yake: waumini wasizidi 100 kwa mara moja, ibada isipite saa moja, na wasihudhurie watoto ambao hawajatimiza miaka 13, wala wenye maradhi ya kudumu, wala watu waliopita umri wa miaka 58. Hotuba ilikuwa ndefu, yenye mambo mengi ya uchumi, ya usafiri na ya tahadhari. Lakini katika nyumba nyingi za Pwani mwenye mvi aliisikia sehemu hiyo moja tu, na yaliyobaki yakampita.

Mengi yameandikwa juu ya wazee walivyofungiwa, na machache juu ya wazee walivyofunguliwa. Waandishi wengi walichukulia kuwa mtu wa makamo ya juu, vikwazo vikilegezwa, hana budi kuwa katika hali moja kati ya mbili, ama afurahi kwa kuwa ametoka, ama aogope kwa kuwa ugonjwa bado uko. Furaha ilikuwapo, na hofu ilikuwapo, na mara nyingi zilikaa katika kifua kimoja kwa saa moja. Walakini kila nilipokaa na wazee wa Mombasa na mazungumzo yakafikia wakati ule, niliwasikia wakizungukia jambo jingine ambalo waliona haya kulitaja waziwazi, nalo ni uchungu wa kukatiwa shauri. Katika mji ambamo arusi haifungwi, ugomvi wa mpaka hauamuliwi na maiti haizikwi mpaka wazee waulizwe, lilikuja jambo lililowahusu wao kuliko watu wote, likaamuliwa, likasomwa, na wao wakalisikia redioni pamoja na watoto.

Ili uchungu huo ueleweke yafaa kurudi nyuma kidogo. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wa kwanza kufariki, tarehe 26 ya mwezi huo, alikuwa mwanamume wa miaka 66, na usiku uliofuata ikaanza amri ya kutotoka nje tangu saa moja ya jioni hadi saa kumi na moja ya alfajiri. Mwanzoni mwa Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungiwa mipaka. Ramadhani ya mwaka 1441 ikaingia mwishoni mwa mwezi huo misikiti ikiwa imefungwa, bila tarawehe ya jamaa, jambo ambalo hata wale waliokumbuka njaa na vita hawakukumbuka kulishuhudia. Kisha, tarehe 6 Mei, Ramadhani ikiwa imekaribia nusu yake, Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh wa Nairobi vikafungwa peke yake, mtu asiingie wala asitoke, na polisi wakasimama kwenye vichochoro ambavyo mtu wa kwao huvipita gizani bila kukosea. Iddi ya tarehe 24 Mei ikasaliwa majumbani. Mji wa Kale haukufunguliwa ila tarehe 7 Juni, na amri ya usiku nayo ikapunguzwa, ikawa tangu saa tatu hadi saa kumi.

Mgeni aliyepita Ndia Kuu au Kibokoni siku hizo angeona milango imefungwa na barabara kimya, asione zaidi ya hayo. Lakini mwenye umri mkubwa katika mji ule haishi kwa saa ya ukutani. Anaishi kwa adhana. Alfajiri humtoa kitandani. Baada yake hupata kahawa chungu na kashata kwa muuzaji ambaye amemnywesha miaka thelathini. Adhuhuri humrudisha nyumbani kula. Alasiri humketisha barazani na wenziwe, ambako magazeti husomwa, watu husengenywa kwa heshima, na bao huchezwa na wale wanaojidai hawalipendi. Magharibi humwinua tena. Msikiti ulipofungwa haikukatika ibada peke yake, ilikatika siku nzima, kwa sababu kila kilichokuwa baina ya sala na sala kilitegemea miguu iliyokuwa ikienda msikitini au ikirudi. Hata magoti yalishuhudia. Wako watu walioingia katika karantini ile wakitembea wenyewe, wakatoka wakihitaji bakora, wala hawakuugua hata siku moja.

Kwa hiyo habari ya tarehe 6 Julai ilipofika, walioingojea kwa shauku kubwa kuliko wote ndio walioambiwa wao bado.

Ijumaa moja ya mwezi huo nilikuwa mbele ya msikiti mmoja mdogo wa mtaani. Mlangoni alisimama kijana mwenye barakoa, mkono mmoja kipimajoto, mkono wa pili daftari la kuandikia majina, na ndoo ya maji yenye bomba pembeni yake. Akaja mzee mmoja, kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito kichwani, mkeka wake umekunjwa kwapani kama ilivyoamriwa kila mtu aje na wake.

“Shikamoo, maalim,” akasema kijana.

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo, maalim.” Kijana akanyamaza, akatazama daftari. “Samahani, maalim. Tumeambiwa tuulize miaka.”

“Nilipokufundisha alifu kwa kijiti wewe ulikuwa na miaka sita,” mzee akamjibu kwa upole. “Nami nilikuwa mtu mzima. Haya, fanya hesabu.”

Kijana hakufanya hesabu. Alishusha mkono wenye kipimajoto, akasogea kando, akaiacha njia wazi. Na mzee, ambaye sasa hakuna aliyemzuia, hakuingia. Alisema hataki mtoto wa watu apelekwe kituoni kwa ajili yake, akatandika mkeka wake kwenye baraza ya nyumba inayopakana na dirisha la msikiti, akasali hapo akiifuata sauti ya imamu. Nami niliyesimama kwenye safu ya nje nilikuwa najua, kama walivyojua wote waliokuwapo, kwamba imamu aliyekuwa akisalisha mle ndani alikuwa mkubwa wa mzee yule kwa miaka miwili au mitatu. Mambo ya namna hiyo yalitokea makanisani vilevile. Mapadri na wachungaji wengi walikuwa wameuvuka mpaka ule kitambo, na amri iliyomkataza muumini ilimkataza pia aliyemwongoza. Ikafuatwa kwa nusu, kwa haya, kwa kufumbiana macho, mpaka baadaye mpaka ulipopandishwa ukafikia miaka 65.

Swali aliloulizwa maalim lilikuwa na ugumu wake pia kwa wengi wa rika lake, hata wale waliokuwa tayari kulijibu kwa uaminifu. Vitambulisho vyao viliandikwa na makarani walioukisia mwaka kwa kumtazama mtu usoni, wakampa tarehe mosi Januari ili wamalize kazi. Mwenyewe hujihesabu kwa matukio: alizaliwa kabla ya bendera kupandishwa mwaka 1963, au mwaka wa mafuriko makubwa ya 1961, au mama yake alikuwa na mimba yake mjomba fulani alipokwenda baharini asirudi. Huyo hajui kama ana 57 au 60, wala hajawahi kupata haja ya kujua, hadi siku ambayo miaka hiyo mitatu ikawa ndiyo tofauti baina ya kuwa ndani na kuwa nje.

Nami nimejiuliza, kwa nini 58? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, humhesabu mtu kuwa mzee anapopita miaka 60, na katika kifungu cha 57 humhakikishia mzee huyo haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, ya kuishi kwa heshima, na ya kupata matunzo ya aila yake na ya Serikali. Umri wa kustaafu kwa watumishi wengi wa Serikali ni miaka 60. Sensa ya mwaka 2019 iliwapata watu kiasi cha milioni 2.7 waliofikia umri huo, katika taifa la watu milioni 47.6. Kwa mizani zote hizo mtu wa miaka 59 hakuwa mzee bado; alikuwa na ofisi, na mara nyingi alikuwa na wazazi. Rais mwenyewe, aliyezaliwa Oktoba 1961, alikuwa na miaka 58 alipousoma mpaka ule, na kabla ya mwaka kwisha akawa amekwisha uvuka. Sisemi hili kwa kejeli. Mpaka wowote wa umri utamwangukia mtu fulani kwa ajabu. Ila mpaka uliowekwa bila maelezo humfanya kila aliyeangukiwa ajione kana kwamba ameonewa yeye.

Haki lazima itendwe kwa watawala pia. Ugonjwa wenyewe ndio ulioanza ubaguzi huo. Korona iliwaua wazee kwa wingi usiolingana na vijana, na habari zilizotoka Italia, Hispania na Uingereza katika mwezi wa Machi na wa Aprili, za nyumba za kutunzia wazee zilizogeuka kuwa nyumba za maiti, zilimtisha kila waziri wa afya duniani, na anayestahili cheo hicho alipaswa kutishika. Shida ni kwamba umri ni kitu chepesi kuhesabika. Kisukari hakionekani mlangoni, shinikizo la damu halionekani, wala chumba kimoja kinacholalwa na watu saba hakionekani, mvi huonekana. Sheria hupenda kushika kinachoonekana.

Na Kenya haikuwa peke yake. Uturuki iliwafungia majumbani wote waliotimiza miaka 65 tangu tarehe 21 Machi 2020, na mara ya kwanza walipoachiliwa, Jumapili ya tarehe 10 Mei, walipewa mchana ule muda wa saa nne tu. Huko Ufaransa Rais Emmanuel Macron alisema tarehe 13 Aprili kwamba nchi ingeanza kufunguliwa tarehe 11 Mei lakini wazee wangetakiwa wabaki ndani zaidi. Siku chache hazikupita kabla ya Ikulu yake kusema kwamba hakuna atakayelazimishwa kwa sababu ya umri, kwa kuwa makelele yalikuwa makubwa na waliopiga makelele walijua kuandika. Kisa kinachonipendeza zaidi ni cha Kolombia. Waliopita miaka 70 waliwekewa kizuizi chao peke yao, wakaungana kundi la watu mashuhuri, akiwamo Rudolf Hommes aliyewahi kuwa waziri wa fedha, wakaenda mahakamani wakidai kuwa Serikali inawatendea kama watoto, na umma ukaliita shauri lao uasi wa mvi. Katikati ya mwaka huo hakimu akawapa haki. Ila wenye kuasi hivyo walikuwa na mawakili. Mzee wa Likoni hakuwa na wakili. Alikuwa na subira, na subira haiandikiwi hukumu.

Huyo mzee wa Likoni namtaja kwa sababu yuko. Ni mvuvi aliyeacha bahari macho yalipomtoka, na maneno yake ndiyo yaliyonifanya nitake kuandika sura hii. Nilipomweleza kwamba masharti yale yalikuwa ya kumhifadhi, alinitazama kwa muda, akasema: “Wananihifadhi, vyema. Kitu huhifadhiwa kwa siku yake. Siku yangu mimi ni ipi?” Kijana wa miaka ishirini akiambiwa angoje mwaka, huudhika, lakini anajua kwamba arusi iliyoahirishwa itafungwa na safari iliyokatizwa itasafiriwa. Mtu wa miaka themanini hana ujuzi huo. Mwaka anaoombwa autoe si wa akiba. Huenda ndio alionao. Tabibu anayesema, “Kaa ndani mwaka huu upate kuishi,” na mzee anayejibu, “Mwaka huu ndio kuishi kwenyewe,” wote wawili wanasema kweli, na sijapata kusoma hotuba ya Serikali yoyote iliyokiri kwamba hapo pana mambo mawili ya kupimwa.

Hata hivyo, nisiwapake wazee wote rangi ya huyo mvuvi. Pale Kibokoni nilimjua bibi mmoja apikaye mahamri na mbaazi za nazi, mtu wa miaka sabini na kitu, ambaye hakujishughulisha kabisa na hoja za heshima. Kazi yake huanza usiku kwa kukanda unga na kuuacha uumuke, hupika alfajiri, na wateja wake, tangu alipoachiwa kazi hiyo na mama yake, ni wanaume watokao msikitini kusali. Misikiti ilipofungwa hakupita mtu mbele ya karai lake. Fedha za Serikali za wazee waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi, alikuwa akizipata, lakini hazikuja kila mwezi, huja kwa mkupuo, na yeye alikuwa na wajukuu wanne nyumbani ambao hawali kwa mkupuo. Aliposikia misikiti yafunguliwa aliniambia, bila kujificha, “Waache wasali, nami niuze.” Nilipomkumbusha kwamba kwa umri wake yeye anatakiwa akae ndani, alicheka mpaka akashika kiuno. Kila mpango wa kuwalinda wazee uliandikwa kana kwamba mzee ni mtu anayeletewa chakula, na hakuna aliyemwuliza ni nani anayekipika.

Upande wa pili walikuwapo waliotamani nchi isifunguliwe. Garimoshi la Nairobi na Mombasa lilianza tena kuchukua abiria tarehe 13 Julai, na Iddi ya kuchinja ikaangukia Ijumaa, tarehe 31 ya mwezi huo huo, na katika majuma hayo matatu simu za Pwani zilijaa sauti za watoto walioko bara wakisema, “Mama, twaja.” Mama gani atasema msije? Ulikuwa ni wakati ambao hesabu za wagonjwa zilikuwa zinapanda nchini kwa kasi ambayo haijaonekana kabla yake. Nalijua nyumba moja ambayo mama alitandika majamvi uani, akawakalisha watoto wake na wajukuu huko, naye akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, hatua sita mbali nao, akijidai kwamba moshi wa mkaa unamtaka aiangalie nyama. Hakumwambia mtu neno. Walipoondoka alilia, na alipoulizwa na jirani yake kama alilia kwa kuwa wameondoka au kwa kuwa walikuja, alisema hajui. Huyo alifunguliwa na Serikali akajifunga mwenyewe, na kufuli alilojitia lilikuwa zito zaidi kwa kuwa lilimpasa kulificha.

Wapo hata waliokuwa wamestarehe! Mzee mmoja mjane, mtu wa maneno machache, aliniambia kwamba miezi ile minne hakuchangia arusi, hakupanda matatu kwenda matangani, hakuketishwa meza kuu katika hafla ya mtu asiyemjua, na hakuombwa kusuluhisha ndoa ya mtu. Alisoma tafsiri ya Kurani tangu mwanzo hadi mwisho. Vikwazo vilipoondoka, mwaliko wa kwanza ulifika siku ya tatu.

Lakini kama nikiambiwa nichague jambo moja ambalo wazee walilingojea katika kulegezwa kule kuliko yote, sitachagua msikiti, wala baraza, wala watoto wa bara. Nitachagua maziko. Tangu miezi ya mwanzo ya maradhi maziko yalikuwa yameamriwa yahudhuriwe na watu 15 tu wa karibu, na aliyekufa kwa korona, au aliyeshukiwa tu, alipelekwa kaburini kwa haraka na wahudumu waliovaa magwanda meupe toka utosini hadi nyayoni. Picha za maziko hayo zilizunguka kwenye simu, na hazikumtisha mtu yeyote kama zilivyomtisha aliyekuwa amekwisha nunua sanda yake akaiweka sandukuni na udi. Mtu wa Pwani aliyezeeka vizuri amekwisha kumaliza mipango ya mauti yake: amesema azikwe wapi, nani amwoshe, nani asimamie hitima, na deni gani lilipwe kwanza. Hofu ya kufa ameizoea. Asilolizoea ni kwamba baada ya miaka themanini ya kwenda kwenye maziko ya watu, kuchukua jeneza begani, kuchimba, kufukia na kusomea wengine talakini, yeye atafukiwa na watu wasiojua jina la baba yake. Nimesikia mzee akihesabu kwa vidole watu ambao wangekuwamo katika wale 15, na alipofika wa kumi na tano akawa hajafika kwa wajukuu. Tarehe 28 Septemba idadi ya wahudhuriaji wa maziko na arusi ilipopandishwa ikawa 200, vijana waliizungumza habari hiyo kwa upande wa arusi. Wazee hawakuzungumza sana. Lakini yule aliyekuwa akihesabu vidole alisema kwamba sasa anaweza kufa kwa nafasi, akaagiza kahawa.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, mlango haukufungwa kwa namna hiyo. Misikiti na makanisa hayakufungwa, na vyuo na shule zilizofungwa mwezi wa Machi zilianza kurudi Juni 2020. Wazee wa Mombasa wenye jamaa Tanga na Unguja waliwaonea wivu kwa wazi. Kisha mwishoni mwa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kikatangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa korona. Naye akafariki tarehe 17 Februari, na umri wake ulikuwa miaka 77. Wivu ukapoa. Sikumsikia mzee yeyote wa Mombasa akisema baada ya hapo kwamba wenzao walipata bahati, wala sikumsikia akisema kwamba wao ndio walioipata.

Miaka 58 ikarudi tena, kwa sura nyingine. Chanjo za kwanza za AstraZeneca zilifika Kenya tarehe 3 Machi 2021, zikaanza kwa wahudumu wa afya, walimu na askari, na kabla ya mwezi huo kwisha wakaitwa pia raia waliotimiza miaka 58. Namba iliyowatoa safuni ikawa ndiyo inayowatanguliza safuni. Wengine walikwenda asubuhi na mapema, wamevaa kama watu wa Iddi, wakasubiri kwa saa nyingi kwenye mabenchi. Wengine walikataa, na ukiwauliza sababu hutajiwa kwanza habari za damu kuganda zilizokuwa zikitoka Ulaya katika siku hizo. Ukikaa zaidi, ukinywa kikombe cha pili, hutajiwa sababu ya kweli. “Walinikataza kwa hiyo hamsini na nane, leo wananiita kwa hiyo hiyo,” alisema mmoja. “Wakubaliane kwanza mimi ni nani.” Wapo watakaomwita mkaidi. Mimi naona kwamba imani ya mtu kwa daktari hujengwa na kuvunjwa mahali pengi ambapo daktari hayupo.

Amri ya kutotoka usiku iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, siku ya Mashujaa, na tarehe 11 Machi 2022 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akaondoa ulazima wa barakoa katika sehemu za wazi. Kwa sheria, mambo yakawa yamekwisha. Kwa desturi, hayakurudi yote. Kabla ya korona kijana wa Mji wa Kale akikutana na mzee wake huinama akambusu mkono. Wakati wa korona aliweka mkono kifuani akainamisha kichwa kutoka mbali. Na amri zote zilipoondolewa hapakuwa na tangazo lolote la Serikali lililosema kwamba mikono sasa ibusiwe. Wazee hawawezi kuidai. Mkono unaodai kubusiwa umekwisha poteza kinachobusiwa. Nimeona mzee akiunyosha mkono nusu, akausitisha, akaurudisha kwenye bakora, na kijana mwenye adabu njema kabisa akapita akisema “Shikamoo” kwa sauti ya furaha.

Mlango wa mwisho kufunguliwa haukuwa wa Kenya. Mwezi wa Juni 2020 Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba Hija ya mwaka ule ingefanywa na watu wachache waliokuwamo nchini humo tu, na waliohiji wakawa kiasi cha 1,000. Mwaka 2021 wakawa 60,000, wote wakazi wa humo, na umri wao usizidi miaka 65. Mwaka 2022 wageni wakaruhusiwa na jumla ikafika milioni moja, lakini sharti la kutofika miaka 65 likabaki. Tena halikuondolewa hadi Hija ya mwaka 2023. Katika Pwani ya Kenya mtu huweka fedha za Hija kidogo kidogo kwa miaka kumi na tano, ishirini, na huenda akitimiza haja ya watoto kwanza. Ndiyo maana wengi wanaokwenda ni wazee. Aliyekuwa na miaka 63 na tikiti mkononi mwaka 2020 alikuwa na 65 wageni walipofunguliwa, akaambiwa ameupita umri.

Mama mmoja wa Mombasa alikuwa katika hali hiyo, na hakuufikia mwaka 2023. Fedha zake zilirudishwa na wakala, pungufu kidogo, zikawa mikononi mwa watoto wake watano, na watoto hao wakagawana rai: wawili walitaka ziwe sadaka ya kisima, mmoja alitaka zigawanywe kama urithi mwingine, wawili walitaka mama yao ahijiwe kwa badali. Wakampelekea sheikh suala hilo. Sheikh akawauliza kama mama aliacha wasia, wakasema aliacha. Basi akawaambia hakuna shauri tena, ila anayekwenda kwa niaba ya mwingine sharti awe amekwisha jihijia mwenyewe, na miongoni mwa watano wale hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kwenda. Walimtafuta mtu mtaani, wakampata jirani yao aliyehiji miaka mingi nyuma, naye akasafiri mwaka huo wa 2023 kwa fedha za marehemu. Umri wake ulikuwa miaka 71, na mwaka mmoja kabla yake asingeruhusiwa.